Tovuti ya Duka Isiyobadilishwa Bei

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza vitenge Kariakoo. Tovuti yangu bado ina bei za mwaka juzi kwa sababu kila badiliko humsubiri fundi aliyeitengeneza. Je, nihamie WordPress? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, ni programu huria ya kuendesha tovuti, isiyolipiwa leseni, ingawa jina la tovuti na nafasi kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) utavilipia, na humwezesha mtu asiyejua msimbo kubadili bei ya doti na kuichapisha papo hapo. Hata hivyo, tovuti nyingi za biashara hudorora kwa kukosa mwenye kazi, si kwa ubovu wa programu. Kwa hiyo amua kwanza ni nani ataandika, nani atahakiki bei, na nani ataondoa kitenge kilichokwisha dukani. Mfumo wenyewe hugawa mamlaka hayo: mchangiaji huandika bila kuchapisha, mhariri huchapisha, na usimamizi ubaki nao wewe, pamoja na usajili wa jina la tovuti, ambao mafundi wengine (tabia isiyopendeza) huuandikisha kwa majina yao. Ukihamia, anwani za kurasa za zamani zielekezwe kwenye mpya, la sivyo wateja watokao Google wataambiwa ukurasa haupo.