Kabla hujaandika dawa, uliza mayai yanakwenda wapi

Vijana mnaokuja kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo mnajua majina ya bakteria kuliko tulivyoyajua sisi, na mikono yenu ni myepesi mnapopasua kuku aliyekufa. Hata hivyo, kila mwaka naletewa karatasi ileile ya ushauri: OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) siku tano, vitamini, kisha "aendelee kuangalia". Umri wa kuku haukuandikwa, haijulikani kama ni wa nyama au wa mayai, na tarehe ya kuuza hakuna aliyeiuliza. Nawapenda, ila karatasi hizo zinanichosha, kwa hiyo naandika haya ili wenzenu wa mwakani angalau waje na makosa mapya.

La kwanza, antibiotiki si ya "kuwaosha tumbo" vifaranga. Mfugaji atakuambia kwamba siku tatu za mwanzo lazima waipate pamoja na glukosi, kwa sababu jirani yake anafanya hivyo na hafiwi. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto, maji safi na chakula. Ukiwakuta wamelundikana kona moja wakilia, kaangalie mkaa kwanza. Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukakamilisha katazo hilo tarehe 1 Januari 2006, na sheria yao inayotumika tangu 28 Januari 2022 hairuhusu dawa hizi zitolewe kwa mazoea wala kufidia uchafu wa banda na ufugaji mbovu. China nayo iliondoa kolistini kwenye vyakula vya kukuzia mifugo mwaka 2017, baada ya watafiti wa huko kugundua jeni ya usugu dhidi ya dawa hiyo, iitwayo mcr-1, ambayo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Msije mkaniambia hayo ni mambo ya Wazungu.

La pili, siku za kusubiri, yaani kati ya dozi ya mwisho na kuuza nyama au mayai, hazikaririwi, zinasomwa, na hapa inabidi nijitaje. Nikiwa mgeni kazini kama ninyi, niliitwa na mama mmoja mfugaji wa kuku wa mayai. Utagaji ulikuwa umeshuka ghafla, maganda ya mayai yamekuwa laini na mengine yamekunjamana, na usiku alisikia kuku wakikoroma. Leo ukinieleza dalili hizo nitafikiria virusi kabla hujamaliza, ama mkamba wa kuku ama kideri kilichopenya kwenye kinga pungufu, na nitaomba daftari la chanjo. Siku ile niliulizia bei ya antibiotiki iitwayo enrofloksasini, kwa kuwa miongoni mwa dawa nilizotoka nazo chuoni ndiyo iliyokuwa na jina kubwa. Nikaipima kwa mbwembwe kwenye ndoo ya maji mbele ya watoto wake, nikamwambia awape kwa siku tano na asiuze mayai kwa siku tatu baada ya dozi ya mwisho. Hizo siku tatu nilizitoa wapi? Nilikuwa nimezisikia kwenye maziwa ya ng'ombe, tena kwa dawa nyingine kabisa. Zilipopita, mama wa watu akanishukuru kwa trei moja ya mayai, na mimi na wenzangu niliopanga nao tukayala huku tukisifia rangi ya kiini.

Utagaji haukupanda, maana antibiotiki haina la kufanya kwa virusi. Nikaenda kuuliza kwa daktari mkuu wangu, mzee ambaye hakuwa na tabia ya kupandisha sauti. Alitoa kikaratasi kilichokunjwa kama hirizi ndani ya boksi la dawa, akanipa nikisome kwa sauti. Nikasoma kipimo, nikasoma namna ya kuhifadhi, nikafika kwenye mstari unaokataza dawa hiyo isitumike kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa na binadamu. "Rudia hapo, mwanangu," akasema. Nikarudia. Kisha akaniuliza mayai yamekwenda wapi, nami sikujua. Yule mama nilipomfuata alinijibu kwa fahari kwamba mteja wake mkubwa ni kijana anayekaanga chipsi mayai karibu na chuo.

Kiini cha yai hujengeka kwa kasi kwa siku kama kumi kabla ya kutagwa, na viini kadhaa hukua kwa foleni ndani ya kuku mmoja, kwa hiyo dawa aliyokunywa leo inaweza kutoka na yai la wiki ijayo. Enrofloksasini nayo, ikiwa mwilini, sehemu yake hugeuka siprofloksasini, ileile anayoandikiwa mtu mwenye homa ya matumbo. Nilimweleza yule mama ukweli na kumwomba asiuze. Akaniuliza nani atamlipa, nikabaki kutazama ndoo.

Enrofloksasini hiyohiyo, Marekani iliiondoa kwa kuku mwaka 2005 kutokana na usugu wa bakteria wa Kampilobakta, ilhali Ulaya inairuhusu kwa kuku wa nyama na kuikataza kwa wanaotaga mayai ya kuliwa. Oksitetrasaiklini ndiyo inayowachanganya zaidi: viwango vya kimataifa vya Codex vinakubali hadi mikrogramu 400 za mabaki ya dawa katika kilo ya mayai, Ulaya inaishia 200. Ndiyo maana pakiti mbili za OTC zenye nguvu ileile, kutoka viwanda viwili, zinaweza kutaja siku tofauti za kusubiri. Fuata pakiti uliyoishika, na kama pakiti haitaji mayai kabisa, usilichukulie hilo kuwa ni ruhusa. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019, dawa ziko chini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na usalama wa chakula uko TBS (shirika la viwango), kwa hiyo tafadhali acheni kupeleka malalamiko ya mayai kwa watu wa dawa.

La tatu, haraka haraka: usichanganye antibiotiki ya tiamulini na chakula chenye salinomaisini au monensini (dawa za kuzuia koksidia, vimelea wa utumbo), utaua banda zima. Kalisi nyingi ya chakula cha kuku wa mayai hupunguza nguvu ya OTC. Chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku, haichanganywi na maji ya bomba yenye klorini.

La nne ni lile swali la nani atalipa. Mfugaji mwenye ada ya shule ya kulipa hatamwaga mayai ya wiki mbili kwa sababu umemwambia, atakuitikia tu "sawa daktari" na kuyapeleka sokoni kwa baiskeli. Kwa hiyo hesabu hasara yake pamoja naye kabla hujafungua chupa. Zipo dawa zilizosajiliwa kwa kuku wanaotaga, anza na hizo. Kama kuku wa nyama wamebakiza siku chache kuuzwa, mwonyeshe kwa kalamu kama ni nafuu kutibu na kusubiri, au kuwatenga wagonjwa na kuuza wazima ambao hawajanywa dawa yoyote. Mkishakubaliana, mwandikie tarehe ya kwanza ya kuuza, si idadi ya siku, na umbandikie mlangoni mwa banda, kwa sababu anayeuza mayai mara nyingi siye uliyeongea naye.