Maswali ya Wasomaji: Hatari ya Kuangamia kwa Binadamu Inamhusu Vipi Mtu wa Likoni?

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Kijana wangu wa kidato cha tatu amezama katika habari za vita vya nyuklia, maradhi yanayoweza kutoka maabara na mashine zenye akili, na sasa anadai kwamba kila mwanadamu ana wajibu wa kuzuia maangamizi ya dunia. Babu yake humjibu kwamba Kiama ni cha Mwenyezi Mungu na hakizuiliki kwa mikutano ya Geneva. Mimi nimebaki katikati. Hatuna bomu wala maabara, na shida yetu ya kila siku ni kivuko na bei ya unga. Wajibu huo unatuhusu kwa lipi?
Mama wa watoto watatu, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Babu na mjukuu hawapingani kama wanavyodhani. Kiama anachokisema mzee, siku yake anaijua Mola peke yake, wala hakuna mwanasayansi aliyejitwika kazi ya kukizuia. Anachokihofia kijana ni maangamizi ambayo mikono ya watu inaweza kuyaleta na mikono hiyohiyo inaweza kuyaepusha. Tena mzee bila shaka anaijua hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, inayomwagiza mtu aliyeshika mche aupande hata kama Kiama kimefika, akiweza.

Kabla ya kusema nani anawajibika, tutenganishe majanga yanayotuumiza na majanga ambayo huenda yasimwache wa kuyasimulia. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ardhi chini ya bahari karibu na Sumatra lilizusha tsunami iliyoua watu wapatao 230,000. Mawimbi yalichukua saa kadhaa kuvuka Bahari ya Hindi, habari ikayatangulia, watu wakaondolewa fukweni kwetu, na Kenya ikapoteza mtu mmoja ilhali Somalia ilipoteza karibu 300. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha kutoa tahadhari tangu mwaka 1949. Yetu haikuwa nacho, na mfumo wake ulianza kujengwa baada ya maiti kuzikwa. Hivyo ndivyo binadamu alivyozoea kujifunza, kwa kuumia kwanza. Hata methali yetu ya ufa na ukuta humchukulia mjenzi kuwa yu hai na mawe anayo. Kwa vita kamili vya nyuklia, au kwa kirusi kilichoundwa ili kiue na kuenea kwa pamoja, hatuna hakika ya kupata nafasi ya pili, na kwa hiyo kinga inapaswa kuja kabla ya ushahidi kukamilika. Ugumu wa kazi hii ni kwamba anayefanikiwa kuzuia hana cha kuonyesha, na asiyeonyesha kitu hapewi bajeti.

Mwambie pia kijana wako kwamba hatari za asili zimetupa muda mrefu. Katika pango la Panga ya Saidi, hapo Kilifi, kuna mabaki ya maisha ya watu ya tangu miaka 78,000 iliyopita, yakiwemo ya mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa kwa uangalifu mkubwa. Ukame, maradhi na volkano havikukimaliza kizazi cha watu. Uwezo wa kujimaliza wenyewe ni mpya kabisa, kwani bomu la kwanza la nyuklia lilijaribiwa Julai 1945, na huenda babu mwenyewe alizaliwa karibu na siku hizo.

Sasa, mtu wa kawaida anaingia wapi? Chukua ugonjwa wa ndui, ambao katika karne ya ishirini peke yake unakadiriwa kuua watu milioni 300. Mwaka 1958 Umoja wa Kisovieti ulipendekeza utokomezwe duniani kote. Kuanzia 1967 kampeni kubwa ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Geneva, iliongozwa na Mmarekani, Donald Henderson, wakati mataifa hayo mawili yakilengeana makombora. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 mjini Merca, Somalia, kwenye pwani hii hii yetu ukielekea kaskazini. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, na aliambukizwa alipowasindikiza watoto wagonjwa garini. Katika wiki mbili zilizofuata wahudumu walichanja zaidi ya watu 50,000, wakipita nyumba kwa nyumba na kuwatafuta wote aliokutana nao. Maalin alipona, na miaka ya baadaye aliwahimiza wazazi wa Somalia wachanje watoto wao dhidi ya polio. Mikutano ya Geneva, ambayo mzee anaicheka kwa haki kiasi, isingefika mbali bila jirani aliyetoa taarifa ya upele na bila mchanjaji aliyetembea juani.

Kazi hiyo haijaisha. Virusi vya ndui vimehifadhiwa katika maabara mbili, moja Marekani na nyingine Urusi, na mwaka 1978, baada ya Merca, mpiga picha wa chuo kikuu huko Birmingham, Uingereza, Janet Parker, alifariki kwa ndui iliyohusishwa na maabara ya jengo alimofanyia kazi. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kibayolojia unatumika tangu 1975, lakini hadi leo hauna wakaguzi. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko kombora lolote, kwa kuwa kombora huonekana likijengwa.

Sikubaliani hata hivyo na wanaosema kwamba sote tunalaumika sawasawa. Dunia ina takriban vichwa 12,000 vya nyuklia, na karibu tisa katika kila kumi viko mikononi mwa Marekani na Urusi. Mzigo mkubwa ni wao. Afrika ina la kujivunia hapa: Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja yenyewe, na ikatangaza hivyo Machi 1993, kisha Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha hizo, ukaanza kutumika mwaka 2009. Fungu la mtu wa Likoni ni dogo lakini ni la kweli: kukubali chanjo, kutoa taarifa ya maradhi yasiyoeleweka badala ya kuyaficha kwa aibu, kutosambaza uvumi kwenye simu, na kuwauliza wanaoomba kura wanajua nini kuhusu mambo haya. Unga na kivuko ni maswali halali, mama, na mtu mmoja anaweza kuuliza yote matatu.

SWALI: Tunasikia kuna jiwe kutoka angani litakaloigonga dunia mwaka 2029. Je, ni kweli?
Mvuvi, Old Town

JIBU: Si kweli. Jiwe hilo, Apophis, lina upana wa zaidi ya mita 300, na tarehe 13 Aprili 2029 litapita takriban kilomita 32,000 kutoka usoni mwa dunia bila kutugusa. Katika sehemu kubwa za Afrika linatarajiwa kuonekana kwa macho matupu. Septemba 2022 Wamarekani waliligonga kwa makusudi jiwe jingine dogo, Dimorphos, na kufupisha muda wake wa kulizunguka jiwe kubwa zaidi kwa dakika 32 hivi, kwa hiyo hatari hii angalau tumeanza kuiandalia dawa.

SWALI: Kuna ukweli gani kwamba akili mnemba inaweza kutuangamiza?
Mwanafunzi wa chuo, Tudor

JIBU: Wataalamu wenyewe wamegawanyika. Mei 2023 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hiyo, aliondoka Google ili azungumze kwa uhuru kuhusu hatari zake, na mwezi huohuo yeye na mamia ya wenzake walitia saini tamko la sentensi moja lililotaka hatari ya binadamu kutoweka kwa sababu ya akili mnemba ipewe uzito sawa na ule wa maradhi ya mlipuko na vita vya nyuklia. Wengine wanaona hofu hiyo inafunika madhara yaliyopo sasa, kama vile sauti na picha za uongo nyakati za uchaguzi. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja, maana sheria inayomlazimisha mtengenezaji ajaribu mashine yake kabla ya kuiuza inasaidia pande zote mbili. Novemba 2023, huko Bletchley, Uingereza, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizounga mkono azimio la kushirikiana katika usalama wa mashine hizi. Mwulize mbunge wako ni nini kimefanyika tangu siku hiyo, na ukipata jibu, tuandikie.