Barua kwa mwanangu aliyeuliza kama kwenda hospitali ni kukosa imani

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Masasi hatujambo. Baba yako goti linamsumbua, lakini shambani haachi kwenda.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Ndoa inaingia mwaka wa nne na mtoto hajapatikana. Wenzako wa maombi wanasema umngoje Bwana, ukienda kwa daktari umekosa imani. Na yule mtumishi wa Mungu anataka upande mbegu, yaani umtolee sadaka ya laki tatu, ili mimba iingie kabla mwaka haujaisha. Unaniuliza: "Mama, nikienda kupimwa, nimeacha kumngoja Mungu?"

Hujaacha. Nenda.

Yakobo anapotuhimiza kuvumilia, anamtaja mkulima angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho. Wewe umekulia kwenye mikorosho. Ulimwona nani akiingoja korosho amelala? Mwezi wa sita tunaamka gizani kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kabla upepo haujaanza, kitambaa puani, macho yanawasha, unga wa njano hadi kwenye nyusi. Usipopuliza, ugonjwa wa ubwiri unga unamaliza maua. Ukishapuliza, umefanya lako, maana hakuna pampu inayoligeuza ua kuwa korosho. Hapo ndipo kungoja kunapoanza.

Tena angalia Ndanda. Watawa wa Kikatoliki, Wabenediktini, wako pale tangu 1906, na abasia yao, nyumba wanamoishi na kusali, na hospitali ni majirani: huku watawa wanaimba zaburi, kule watu wanatolewa damu ya vipimo. Sisi ni Waanglikana, lakini kwa hilo nawapa heko.

Sasa niseme kungoja kwenyewe, maana naona wamekufundisha nusu. Soma 1 Samweli 1, taratibu. Hana hakuwa na mtoto, akadhihakiwa na mke mwenzake mwaka hata mwaka, ikawa si kulia tu, hata chakula hakimpiti. Akaenda hekaluni akamimina uchungu wake mbele za Bwana, midomo inacheza, sauti haisikiki, hata kuhani Eli akadhani amelewa. (Viongozi wa dini kumsoma mwanamke vibaya hawakuanza leo.) Kisha inasemwa akaenda zake, "akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena." Mimba ilikuwa bado. Hajaambiwa mwezi wala mwaka. Lakini amekula. Mimi hapo ndipo ninapopaona kumngoja Bwana: mzigo umeuweka mbele zake, na wewe unarudi mezani.

Kwa hiyo usijilazimishe tabasamu kanisani. Zaburi ya 13 inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Maneno hayo yamo kwenye Biblia ileile wanayokunyamazishia. Anayelalamika kwa Mungu bado yuko naye.

Fanya hivi. Alfajiri, kabla hujashika simu, kaa. Soma zaburi moja kwa sauti. Mwambie Mungu lililo moyoni, hata kama ni hasira, halafu nyamaza kidogo. Usimwekee tarehe. Ukimaliza inuka, ukapike chai, uende kazini. Siku nyingine utatoka mkavu kama ulivyoingia. Kesho kaa tena. Kanisa lenyewe limetutengea Majilio, yale majuma ya kabla ya Krismasi, tujifunze kungoja, ingawa huku kwetu Majilio yanaangukia msimu wa minada, na nakuambia wengi wetu tunangoja mawili, Bwana na malipo ya korosho.

Huyo wa mbegu mwache. Hata Sara, mke wa Ibrahimu, alichoka kungoja, na simlaumu sana. Miaka kumi Kanaani bila mtoto si mchezo. Ila haraka yake ya kumpa mumewe Hajiri ili amzalie, aliilipa Hajiri mwenyewe, mjakazi asiyekuwa na la kusema. Na mtu anayekupangia Mungu tarehe, kisha akakutajia bei, anajua fika kwamba mwenye uchungu hahoji.

Sitakudanganya kwamba lazima utazaa. Wazee walioanzisha mji wa Kikristo hapa Masasi 1876 walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wametoka Zanzibar na Askofu Steere wa Kanisa letu, safari ikielekea upande wa Ziwa Nyasa. Wakakaa hapa. Kama kuna waliokuwa wakiomba kufika kwao, sijui nikuambie walijibiwa au hawakujibiwa. Nalifikiria kila nikipita kanisani, na sijapata neno la kulifungia. Najua tu kwamba waliendelea kusali.

Jambo la mwisho: mwambie mkwe wangu naye apimwe. Asije akakusindikiza akabaki nje kwenye benchi na simu. Tatizo linaweza kuwa kwako, kwake, au kwenu wote wawili, na wanaume wetu ni mafundi wa kulikwepa hilo. Akikataa nijulishe, baba yako atazungumza naye. Ile laki tatu itawatosha nauli na vipimo vya kuanzia, ikipungua, useme.

Mama yako