Wateja wa Malindi wanajali nguruwe aliishi vipi?

Mdau aliyeuliza kama kuna haja ya kuelimisha watu habari ya maisha ya nguruwe, ati "mteja anataka kilo, hayo mengine ni ya wazungu", ngoja nikujibu vile naona huku Msabaha, karibu na Malindi, ninakofuga.

Ni kweli buchani hakuna anayeuliza. Mtu anaangalia mafuta, anauliza bei, basi. Lakini si eti hawana huruma, ni vile hawajawahi kuona banda kwa ndani, wanachokijua ni ile harufu ikiletwa na upepo, wanasema huyu mnyama kaumbwa mchafu. Njoo uone, wakipata nafasi wanajipangia wenyewe, kona hii choo, kule kulala, na hawachanganyi. Ukimkuta amegaagaa kwenye mavi jua amesongwa ama joto limemshinda, maana nguruwe hana jasho la kumpoza, na Kaskazi ya mwezi wa tatu unaijua mwenyewe, paa la bati lililoinama chini linawaoka kabisa. Mimi niliezeka makuti halafu nikawachimbia kidimbwi cha tope.

Kuna jamaa huku alikuwa anawalisha makombo ya hoteli, na makombo yana chumvi (yachemshwe kwanza pia, usisahau, yanaweza kuleta homa ya nguruwe na hiyo haina dawa), halafu maji ya bomba yakakatika. Wakaanza kuzunguka kama vipofu, wanagonga ukuta, wanaanguka wanatetemeka. Chumvi hiyo, maji yamekosekana imepanda kwa ubongo. Aliyeona ndoo zimekauka wa kwanza ni mzee jirani yake, Muislamu, hata kivuli cha nguruwe hakitaki kwake, akamwendea akamwambia kumla ni haramu lakini kumtesa kwa kiu pia ni haramu. Sasa huyo mzee nani alimpa semina?

Hayo ya wazungu, kuna Mtaliano mmoja mnunuzi aliniuliza kama majike nawafungia kwenye vizimba vya chuma, vile jike hawezi hata kugeuka. Uingereza walipiga marufuku vizimba hivyo kwa majike wenye mimba 1999, Umoja wa Ulaya ikabana 2013 ingawa wiki za kwanza za mimba na wakati wa kuzaa bado wanaruhusu. Ni raia wa huko walionyeshwa hali hiyo, wakapiga kelele miaka na miaka mpaka sheria ikaja. Sisi Kenya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360, tunayo tangu miaka ya sitini, hata kumbeba mnyama kwa kumtesa ni kosa, na bado unapishana na bodaboda kafunga nguruwe miguu juu anapiga mayowe mpaka mjini na watu wanacheka.

Kwa hivyo mambo ya kugawa vikaratasi vya kuelimisha achana nayo, wafungulie banda. Mimi Jumapili watu wakitoka kanisani wanapita na watoto, watoto ndio wanauliza maswali ya maana, mbona huyu mkia umekatwa. Nawaambia wakibanana bila cha kuchezea wanatafunana mikia, wawekee majani makavu wafukuefukue. Wiki inayofuata mama ya mtoto anakuja kununua nyama hapa hapa.

Bei lakini usidanganyike, mchinjaji hakuongezei hata bob kwa ajili ya kidimbwi. Faida utaiona kwa vifo kupungua na wale wanaokuja wenyewe bandani.