"Mdogo wangu yumo kwenye kundi la watu wanaozungumzia kujiua. Nimtoe?"

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Nakuru na mdogo wangu wa kiume wa miaka 19 anayesoma chuo. Wiki jana alinipa simu yake nimtumie mtu pesa, meseji ikaingia. Ni kundi la WhatsApp la watu kama mia tatu, na mazungumzo yote ni ya kujiua. Wengine wanatiana moyo, lakini nilipopanda juu nikakuta mtu ameuliza, "Nani yuko tayari twende pamoja?" Mdogo wangu ameandika saa nane za usiku: "Hapa tu ndipo ninapoeleweka." Sijamwambia mtu. Nimnyang'anye simu? Au nikimtoa humo nitakuwa nimemwondolea watu pekee wanaomsikia? – Dada Mtu, Nakuru*

Marahaba, mwanangu. Mambo ya simu yatasubiri kidogo. Kwanza, leo jioni, muulize.

Tafuteni mahali ambapo hakuna mtu wa kupita, umwambie ulichokiona bila kuzunguka: "Meseji iliingia nikaisoma. Nimeogopa, sikukasirika. Unawaza kujiua?" Litamke neno lenyewe. Watu wengi hudhani kulitaja ni kumpandia mtu mbegu ambayo haikuwemo. Mwaka 2014 watafiti walizipitia tafiti 13 zilizochunguza jambo hilohilo, na hakuna hata moja iliyokuta ongezeko la maana la mawazo ya kujiua kwa sababu watu waliulizwa. Kinachomfunga mtu mdomo ni namna ya kuuliza. "Wewe huwezi kufanya upuuzi kama huo, sivyo?" ni swali lililokuja na jibu lake, atakupa hilo jibu, na hutapata nafasi nyingine kwa urahisi.

Akisema ndiyo, usikimbilie mawaidha. Usimtajie mama, wala ada mliyolipa, wala walio na shida kuliko yeye. Anayajua hayo yote, na huenda ndiyo anayojilaumu nayo usiku. Muulize mambo matatu, kwa sauti ya kawaida: amefikiria namna, ana siku au saa, na hicho anachokifikiria kiko karibu naye? Mawazo yasiyo na mpango yanataka msaada wiki hii. Mpango wenye saa unataka msaada leo. Hapo usimwache peke yake hata dakika ya kwenda bafuni bila mtu kuwa karibu na mlango, na umpeleke kitengo cha dharura cha hospitali ya kaunti usiku huohuo kama ambavyo ungempeleka mtu anayevuja damu. Ukifika sema waziwazi, "Ana mpango wa kujiua." Ukisema "ana stresi" mtakaa foleni mpaka asubuhi.

Sasa kundi. Umeniuliza kama linamdhuru au linamsaidia, nami nakujibu kwamba yawezekana linafanya yote mawili, wakati mwingine katika dakika ileile.

Kilichompeleka humo hakikuwa ujinga. Hapa Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, adhabu yake hadi miaka miwili jela. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025 tu. Mdogo wako amekulia katika nchi ambamo mtu aliyenusurika angeweza kutoka wodini akaingia seli. Ongeza na yale ya nyumbani: ukilitaja neno hilo unaombewa, unakemewa, au unaambiwa una laana. Mtu wa namna hiyo akikuta wenzake mia tatu wanaolisema bila kushtuka, hupumua. Pumzi hiyo ni ya kweli, usimdharau kwa ajili yake.

Na kusikia habari za waliovuka kuna faida inayojulikana. Watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha mwaka 2010 uchambuzi wa mamia ya habari za magazeti kuhusu kujiua. Habari za mtu aliyefikiwa na mawazo hayo akapata njia ya kuyapita ziliambatana na vifo vichache zaidi baada ya kuchapishwa, na habari zilezile za vifo zilizorudiwarudiwa ziliambatana na ongezeko. Yale yalikuwa magazeti, yenye mhariri. Kundi la WhatsApp halina mhariri, lina admini, na admini naye hulala.

Kwa hiyo sitakwambia makundi yote ni mabaya. Ninachotaka ukitazame ni kitu kimoja: mtu akiandika "ni leo", kundi hufanya nini? Kundi linalosaidia humuuliza yuko wapi na yuko na nani, humtafutia mtu wa kumfikia kwa miguu, humpa nambari ya kupiga, na admini hufuta mara moja maelezo yoyote ya namna ya kufanya. Kundi linalodhuru humwambia "tunakuelewa, uamuzi ni wako, safiri salama". Maneno hayo ni matamu, na mtu aliyechoka huyachukua kama ruhusa.

Kaeni mlitazame pamoja, simu ikiwa mkononi mwake, siyo mwako. Angalieni maelezo ya kundi: kuna masharti yoyote? Rudini nyuma wiki mbili. Wanaoandika ni walewale watano saa za usiku? Kuna hata mmoja anayesema alienda kliniki, akapewa dawa au ushauri, na analalaje siku hizi? Anayetaja kliniki hujibiwaje, hupongezwa au huitwa msaliti? Na muulize hili, ambalo wewe huwezi kuliona kwenye kundi: ni nani humwandikia pembeni?

Hapo pembeni ndipo ninapohofia zaidi. Kwenye kundi la WhatsApp nambari ya mdogo wako inaweza kuonekana na wote mia tatu, na yeyote anaweza kumfuata faraghani. Huko Minnesota, Marekani, mwanamume mmoja wa makamo, muuguzi kwa kazi, alikuwa akijifanya msichana mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwenye kumbi za gumzo mtandaoni. Aliwaambia watu wenye mawazo ya kujiua kwamba wafe pamoja, ahadi ambayo hakuwahi kunuia kuitimiza. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2014. Mjini Zama, Japani, mwaka 2017 polisi walimkamata mtu aliyekuwa akiwatafuta Twitter vijana walioandika kwamba wanataka kufa, akiwaahidi kuwasaidia; alikuwa amewaua watu tisa. Sikwambii kwamba aliyeandika "twende pamoja" ni wa aina hiyo. Huenda ni mtoto wa watu aliyeumia kama wako. Lakini mdogo wako hana njia ya kujua, na ndiyo maana mwaliko huo haujibiwi, hautaniwi, wala mtu haendi "kuzungumza naye tu".

Kuna na hatari isiyo na mtu nyuma yake. Uingereza, mwezi Novemba 2017, Molly Russell, msichana wa miaka 14, alifariki kwa kitendo cha kujidhuru. Katika miezi yake sita ya mwisho alikuwa amehifadhi, kupenda au kusambaza machapisho 16,300 ya Instagram, na 2,100 kati yake yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua mwaka 2022 kwamba maudhui ya mtandaoni yalichangia kifo chake kwa kiasi kisichokuwa kidogo. Programu hizi hupima unapokawia, kisha hukuongezea cha aina hiyo. Anayekawia kwenye huzuni huletewa huzuni, mpaka aamini dunia nzima inawaza hivyo. Kama mdogo wako anatumia TikTok au Instagram, zote mbili zina sehemu kwenye mipangilio ya kuyafuta mapendekezo na kuyaanza upya. Ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo atafute kwa makusudi vitu anavyovipenda, mpira, mapishi, pikipiki, chochote, na avitazame hadi mwisho kwa siku kadhaa, la sivyo yatarudi yaleyale.

Usimnyang'anye simu. Ukifanya hivyo, akipata nyingine ataingia mahali palipofichika zaidi, na wewe utakuwa mtu wa kufichwa. Ila kama amekubaliana na mtu siku na mahali, mwambie waziwazi kwamba mawasiliano hayo yanakatwa leo, na uwe naye.

Kutoka kwenye kundi kunataka kitu cha kuweka kwenye ile saa nane ya usiku. Saa hiyo usingizi umekatika, bando la usiku lipo, na kila wazo linaonekana kubwa kuliko lilivyo mchana. Simu za nyumba nzima, na yako pia, zilale sebuleni kwenye chaji kuanzia saa nne. Akiamka, akuamshe. Mwambie hivyo kwa maneno, kwa sababu mtu mwenye sonona hujiona mzigo na hatakugusa bega bila ruhusa.

Kisha chukueni karatasi. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, walitengeneza mpango wa usalama wenye sehemu sita, na sasa unatumika katika nchi nyingi. Aandike yeye, kwa maneno yake. Kwanza dalili zake mwenyewe, kwa mfano "nimeacha kujibu simu, nafuta picha zangu". Halafu anachoweza kufanya peke yake kwa robo saa: kuoga, kufua viatu, kutembea hadi barabarani. Kisha mahali penye watu ambapo hana haja ya kujieleza, kama kibanda cha chai au uwanja wa mazoezi. Kisha watu wa kuwaambia ukweli, angalau wawili, pamoja na nambari zao. Halafu wataalamu: Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hawatozi, na Befrienders Kenya, 0722 178 177. Aliye chini ya miaka 18 hupiga 116. Mpango ulioandikwa "nitawaza mambo mazuri" hautafaa saa nane usiku. Ulioandikwa "nitamwamsha dada, chumba cha kushoto" utafaa.

Sehemu ya sita ni yako. Dawa zote za nyumbani, na za shamba kama mnazo, ziwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli au zihamishiwe kwa jirani mnayemwamini, ufunguo kwa mtu mmoja. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na kilicho mbali kwa dakika hizo kimeokoa wengi. Usimfiche, mwambie umefanya hivyo na kwa nini.

Kliniki iwe wiki hii, hata akisema ameshapata nafuu. Tena, utulivu wa ghafla baada ya wiki za mateso, hasa ukiambatana na kugawa vitu vyake au kuomba msamaha kwa watu, ni sababu ya kuwahi zaidi. Hospitali nyingi za kaunti zina kliniki ya afya ya akili. Piga kwanza uulize siku zake ili msirudi bure. Nenda naye hadi mlangoni mara ya kwanza, ukae nje.

Amebaki yule aliyeuliza nani yuko tayari. Pigeni skrinishoti zenye nambari na saa kabla ya kitu kingine, maana kundi linaweza kuwa limewashwa jumbe za kutoweka, zinazojifuta zenyewe, na muda mfupi kabisa ni saa 24. Kisha mripoti: ukiripoti kwenye WhatsApp, jumbe tano za mwisho hutumwa kwa kampuni. Akiendelea kuwashawishi watu, pelekeni skrinishoti polisi. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu, cha kumshauri au kumsaidia mtu ajiue, bado kipo, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Picha hizo zisiende kwenye kundi la ukoo hata kwa nia njema.

Na kama mdogo wako ataamua kutoka, mwache aage. Wamo humo watu aliowajali na waliomjali, na kuondoka kimya kutawaacha wakidhani amekufa. Aandike mistari miwili: "Mimi ni mzima. Nimemwambia dada yangu, na Jumatano naenda kliniki. Ukizidiwa usiku, piga 1199, ni bure." Halafu ndipo atoke.