Kama hela yako ni ya mawazo, Wyoming usifukuzie pembe

Wadau mnaoishi huku Marekani na mnapenda kuwinda, leo tuongelee bei maana kila mwaka kuna ndugu ananiuliza nataka kwenda magharibi kupiga elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, itanila shingapi, nikimtajia ananyamaza kimya. Mimi nakaa Iowa, kulungu wa hapa tunawinda kwa hela ndogo tu kwa sababu ni wakazi. Ukitoka nje ya jimbo lako wewe ni mgeni, na mgeni anakamuliwa.

Nianze na Wyoming ndo naielewa zaidi. Kibali cha kawaida cha elki kwa mgeni ni dola 692. Kuna kingine wanakiita spesho, elki wale wale, milima ile ile, ila foleni ya droo yake, yaani ile bahati nasibu ya kugawa vibali, ina watu wachache kidogo. Hicho kilikuwa dola 1,268, mwaka 2024 kikapandishwa mpaka 1,950, yaani hiyo ni karatasi tu hujaweka mafuta hujanunua risasi. Kwa wanaoanza kuwinda ni pigo kubwa sana, na mimi naona sio haki vibali 40 kati ya kila 100 vya wageni viende kwenye hiyo spesho, mwenye nazo anazidi kusogea mbele. Colorado ndo ilikuwa kimbilio letu, mgeni wa upinde alikuwa anaingia dukani ananunua kibali cha elki anaondoka, kuanzia 2025 sehemu kubwa ya magharibi ya jimbo ni droo. Idaho nao walikuwa wanauza Desemba 1 anayewahi ndo anapata, kwa msimu wa 2026 wamehamia droo.

Watu wanalalamika kwamba ardhi ni ya serikali kuu, kodi tunalipa wote, kwanini mkazi alipe kidogo kuliko mgeni. Ardhi sawa, ila wanyama wanasimamiwa na jimbo, na bunge la jimbo linachaguliwa na wakazi. Hili lilishafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1978, kesi ya Baldwin dhidi ya Montana, enzi hizo mkazi alikuwa anaweza kupata kibali cha elki kwa dola 9 na mgeni analazimika kununua furushi zima la vibali la dola 225. Mahakama ikasema jimbo halijavunja katiba. Kwahiyo msisubiri korti iwaokoe. Na sisi wa Iowa tusijifanye watakatifu, kwetu mgeni anagombania vibali 6,000 tu vya kulungu wa jinsia yoyote kwa jimbo zima na anakusanya pointi, yaani alama za kumsogeza mbele kwenye droo, miaka ndo apate.

Sasa ushauri wangu, na huu nimeuishi mwenyewe: achana na dume, wawinde majike. Wyoming kibali cha elki jike kwa mgeni ni dola 288. Pronghoni jike, yule mnyama wa nyikani anayekimbia kama upepo, ni dola 34, na kulungu jike pia 34. Ongeza dola 15 za maombi na stempu ya uhifadhi 21.50. Mnaona tofauti? Nyama ya jike laini, haina ile harufu kali ya dume aliye kwenye kupandana, na elki jike mmoja anatoa kilo 60 na kitu za mnofu mtupu, familia inakula mpaka kiangazi kingine. Tahadhari moja, vibali vingi vya majike vipo maeneo ambayo ardhi karibu yote ni ya watu binafsi, usilipie kabla hujafungua ramani ukaona ya umma iko wapi na unaifikiaje. Na baridi ya 2022 kuingia 2023 iliua pronghoni wengi mno magharibi ya Wyoming, vibali vilipunguzwa kwa maelfu, kwahiyo usikariri eneo la mwaka juzi.

Pia ujue Wyoming mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa kwenye yale mapori yaliyotengwa kisheria (wilderness) bila kiongozi mwenye leseni au mkazi wa kumsindikiza, na hao viongozi ni maelfu ya dola. Chagua eneo lililo nje ya hayo mapori.

Kuhusu pointi, pointi ya elki ni dola 52 kila mwaka, na zile sehemu zenye madume makubwa idadi ya pointi inayotakiwa inapanda kila mwaka kwahiyo unakimbiza kitu kinachokukimbia. Mimi hiyo hela naiweka kwenye mafuta.

Safari yenyewe nenda na wenzako watatu au wanne, pikapu moja, barabara kuu ya I-80 moja kwa moja kuvuka Nebraska, gesti achaneni nayo laleni kwenye hema. Barafu msinunue njiani, jazeni maji kwenye chupa za lita nne mgandishe nyumbani wiki nzima, madeli mawili makubwa yanatosha pronghoni kadhaa. Mwezi wa kumi mwanzoni mchana bado kuna joto, kwahiyo mnyama akianguka chuna palepale, ngozi yake ina manyoya mazito inashika joto na nyama inaharibika haraka sana, mtu mmoja anashika mguu mwingine anapitisha kisu, minofu inatandazwa kwenye turubai kivulini ipoe ndo iingie kwenye mifuko ya kitambaa. Toa mifupa yote huko huko, inapunguza uzito, na Iowa kama majimbo mengi hairuhusu kuingiza kichwa na uti wa mgongo kutoka sehemu zenye ule ugonjwa wa kulungu wa CWD unaoharibu ubongo. Gawia majirani, ila usiuze hata kilo moja, ni kosa.

Tarehe ndo zinawaangusha wengi. Wyoming maombi ya elki kwa wageni yanafungwa mwanzoni mwa Februari, kulungu na pronghoni mwanzoni mwa Juni, vinavyobaki baada ya droo vinauzwa kiangazi. Kadi ya kozi ya usalama wa uwindaji iwe mkononi kabla ya hapo, ya jimbo lolote inakubalika. Mwenye swali la ramani aniulize, hasa nyie wa Des Moines, tukae chini tuchague eneo pamoja kabla Januari haijaisha.