Anayelinda msitu ashike pia kitabu cha risiti

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Kwa nini ubia kati ya serikali na vikundi vya kujitolea huvunjika mara mfadhili anapoondoka, na halmashauri zifanye nini ili udumu?"

Jibu la haraka ni fedha. Mradi umekwisha, posho zimekatika, wanakikundi wamerudi shambani kwao. Kwa ninayoyaona, mambo huharibika mapema zaidi, siku ile ile kikundi kinapoalikwa. Tunaitwa ramani ikiwa imeshachorwa na bajeti imeshapitishwa, na nafasi yetu imeshaandikwa: kulinda, kuhamasisha, kutoa nguvu kazi. Nani ataamua na nani atapata nini, hilo halimo kwenye karatasi. Posho inaweza kuuficha upungufu huo mwaka mmoja au miwili. Ikiisha, unaonekana.

Nitazungumzia misitu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji katika mkoa wa Lindi, kazi isiyo na mshahara, na msitu ndio ninaoujua. Kuna sababu nyingine pia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliweka njia mbili za kushirikiana na wananchi, zote halali, na mwisho wake haufanani hata kidogo. Anayetaka kujua kwa nini ubia mmoja unaishi na mwingine unakufa ana mfano tayari hapa hapa nchini.

Njia ya kwanza ni msitu wa hifadhi wa kijiji. Kijiji kinatenga eneo ndani ya ardhi yake, kinaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inathibitisha. Baada ya hapo msitu unasimamiwa na kijiji, na mapato ya uvunaji ni ya kijiji. Njia ya pili ni usimamizi wa pamoja. Hapo msitu unabaki kuwa mali ya serikali kuu au ya halmashauri, na vijiji vinavyoupakana vinaingia makubaliano ya kusaidia kuutunza.

Hiyo njia ya kwanza haikuzaliwa na sheria. Ilizaliwa Babati, kwenye misitu ya miombo ya Duru-Haitemba, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ilitaka kuitangaza misitu hiyo kuwa hifadhi yake. Watu wa vijiji vya pale wakaona wanapokonywa, na wengi wakaanza kukata haraka haraka kabla mlango haujafungwa. Mabwana misitu hawakutosha hata kuzunguka mipaka. Kilichofuata ndicho ninachokipenda katika historia hiyo: maofisa walikaa chini na wanavijiji wakakubali kusimamisha mpango wao wenyewe. Vijiji vinane vikagawana msitu wa takriban hekta 9,000, kila kimoja na kipande chake, sheria zake ndogo na walinzi wake. Ukataji holela ukapungua, kwa walinzi ambao serikali haikuwalipa senti. Sera ya Misitu ya 1998 na sheria ya 2002 zilikuja baadaye kuhalalisha jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya.

Kule Kiteto, wenyeji wa Sunya, Lengatei na Dongo walifuata njia hiyo kwenye msitu mkubwa zaidi, zaidi ya hekta 160,000. Suledo, jina lililotokana na herufi za mwanzo za sehemu hizo tatu, ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002.

Huku kwetu kusini mambo yalikwenda kwa mzunguko. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, barabara ya Lindi ikawa wazi, na malori ya magogo yakafuata. Miti iliyochukua miaka 70 na zaidi kukomaa iliondoka kwa bei ya kutupa, na vijiji ilikotoka havikuona chochote. Wakati huo huo vijiji vichache vya Kilwa vilikuwa vinapima misitu yao na kuandika mipango, vikisaidiwa na shirika la kiraia la uhifadhi wa mpingo. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi viliingia katika cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mnunuzi wa mpingo, ule unaochongewa klarineti na zumari huko Ulaya, sasa alilazimika kukaa mezani na halmashauri ya kijiji na kulipa bei iliyokubaliwa na mkutano. Fedha hizo zimechimba visima na kujenga madarasa.

Sasa tazama njia ya pili. Makubaliano ya usimamizi wa pamoja yamekwama miaka mingi katika sehemu nyingi za nchi, na swali lililoyakwamisha ni moja: mgao. Nani atachukua asilimia ngapi ya faini, ya vibali, ya watalii? Vijiji vilianza doria vikiambiwa hati inakuja. Kamati zikachaguliwa, mipaka ikafyekwa, miche ikapandwa, na hati ikabaki kwenye faili la ofisi fulani ikisubiri sahihi. Hata pale iliposainiwa, mara nyingi msitu wenyewe ni wa kulinda vyanzo vya maji, haivunwi humo hata fito, kwa hiyo mgao wa mapato ya uvunaji ni mgao wa sifuri.

Niseme hili linavyoonekana ukiwa ndani yake. Kijiji chetu kina msitu wake, na upande wa pili tunapakana na hifadhi ya serikali. Tuna madaftari mawili ya doria. Daftari la msitu wetu lina safu za tarehe, majina ya waliotoka, njia waliyopita, walichokuta, kilichokamatwa, na safu ya mwisho ni namba ya risiti. Ukikamata misumeno au magunia ya mkaa, mtuhumiwa analetwa ofisi ya kijiji, sheria ndogo inasomwa, faini inalipwa, mtendaji anaandika risiti. Namba hiyo inaingia daftarini, na kwenye mkutano mkuu yeyote anaweza kusimama akauliza fedha ya risiti fulani ilikwenda wapi. Wanauliza, tena kwa ukali, hasa kina mama wanaosubiri zahanati.

Daftari la hifadhi ya serikali lina safu zile zile, isipokuwa ya mwisho. Usiku mmoja vijana wetu walizuia lori la mkaa upande ule. Walikaa nalo hadi asubuhi, wakalikabidhi kwa ofisi iliyohusika. Wiki iliyofuata lori lile lile lilipita kijijini kwetu, tupu, likielekea porini. Inawezekana faini ililipwa na kila kitu kilikuwa halali. Hatukuambiwa, na hatukuwa na haki ya kuambiwa, kwa sababu hakuna karatasi inayosema tuna haki hiyo. Vijana hawakugoma wala hawakuandika barua. Zamu ilipofika, mmoja alikuwa na msiba, mwingine shamba, mwingine safari ya Nangurukuru. Daftari lile lina kurasa nyingi nyeupe, wakati la msitu wetu tumeshaanza la tatu. Watu ni wale wale, na hakuna daftari kati ya hayo mawili linaloambatana na posho.

Kwa hiyo siamini mtu akiniambia wananchi wamepoteza moyo wa kujitolea. Moyo upo, na unajua kupambanua.

Msomaji anaweza kusema: basi serikali iachie kila kitu vijiji. Hapana, mali nyingine lazima zibaki za taifa, na hata hapo ubia unawezekana. Mikoko ni mfano mzuri. Tanzania na Kenya zote mikoko ni ya serikali. Lakini pale Gazi, kaunti ya Kwale, wananchi wa Gazi na Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Wanatunza hekta 117 kwa makubaliano na shirika la misitu la Kenya, na watafiti wa taasisi ya bahari ndio wanaosaidia kupima hewa ya ukaa inayohifadhiwa. Wanauza viwango vya kaboni, yaani vipimo vya hewa hiyo iliyohifadhiwa, kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, na fedha zinaingia kwenye mfuko unaotumika kwa maji, shule na mikoko yenyewe, kwa uamuzi wa wanavijiji. Serikali haikupoteza mti hata mmoja kwa kusaini. Ardhi ni yake, mamlaka ni yake, na ina majirani wenye sababu ya kuamka usiku.

Kuna hofu moja ambayo maofisa huitaja chini chini, nami naiheshimu: vikundi hula fedha. Ni kweli vipo. Nimeona kamati ya watu watano ikiwa na mwenyekiti, mkewe na shemeji yake. Lakini dawa inayotumika, ya kukinyima kikundi fedha na kukiachia kazi, haijamzuia mwizi. Fedha ya umma hulindwa na macho mengi. Kamati ichaguliwe na mkutano mkuu, si kuteuliwa na diwani. Muda wake uwe na kikomo. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila robo mwaka, kwa maandishi ambayo bibi wa miaka 60 anaweza kuyasoma bila kuazima miwani. Halmashauri imtume mkaguzi wake wa ndani, ni haki yake. Kwetu kelele za wizi zilipungua tangu ukuta wa ofisi ulipoanza kubandikwa karatasi.

Mikopo ya asilimia kumi haitoshelezi jibu hili. Ni jambo jema kwamba tangu 2018 sheria inazilazimisha halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na nilifurahi utaratibu huo uliporejeshwa baada ya kusitishwa mwaka 2023. Lakini mkopo unakifanya kikundi kuwa mdaiwa wa halmashauri. Ubia ni uhusiano mwingine, ambao pande zote mbili zina kitu cha kudai.

Mmeuliza halmashauri zifanye nini. Nianze na kalenda, kwa sababu huko ndiko nia njema nyingi hufia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na bajeti yake inapikwa miezi mingi kabla. Kikundi kinachoalikwa Mei kutoa maoni kimealikwa kupiga makofi. Anayetaka mbia amwite Oktoba au Novemba, mashamba hayajachanganya, na amletee takwimu za mwaka uliopita kwa Kiswahili, siyo slaidi.

Halafu uhamisho. Katika muda wangu wa ukatibu tumefundishana kazi na maofisa misitu kadhaa, kila mmoja akija na namna yake, na ahadi za aliyetangulia zikiondoka na begi lake. Simlaumu mtumishi kwa kuhamishwa. Lakini makubaliano yakiwa na sahihi ya mkurugenzi na mhuri wa halmashauri, na nakala moja ikabaki kwenye kabati la kijiji, ofisa mpya ataikuta kazi ilipofika. Makubaliano ya mdomo yanamwachia nafasi ya kuanza upya, nasi tuanze naye.

Katika hati hiyo ningependa kuona kipengele ambacho sijakiona mara nyingi, kinachosema kikundi kina haki ya kupewa taarifa. Kila tunachokikabidhi, iwe lori, mtuhumiwa au misumeno, ofisi iliyopokea ijibu kwa barua ndani ya siku 30: kilifanyika nini, faini kiasi gani, iliingia akaunti gani. Kipengele hicho hakihitaji mfadhili. Karatasi na kalamu zipo ofisini, na barua inaweza kuja na bodaboda yoyote inayopita kijijini.

Mgao wenyewe nisingependa uamuliwe Dodoma kwa nchi nzima. Msitu wa kuvuna mbao, msitu wa kulinda chemchemi na mikoko ya Delta ya Rufiji havina mapato yanayofanana. Pale penye chemchemi, mapato halisi yako mbali na msitu, kwenye bili za maji za mjini. Mamlaka ya maji inayouza uniti kwa wateja wake ina deni kwa kijiji kinachozuia moto kule juu, na asilimia ndogo tu ya ankara ingelipa mabuti, tochi na chakula cha walinzi mwaka mzima. Hilo halmashauri na mamlaka ya maji wanaweza kulizungumza wenyewe, wakiwa wilaya moja, bila kungoja mradi mpya. Vijiji vya juu viitwe kwenye kikao hicho cha kwanza, kabla asilimia yoyote haijaandikwa.

Katibu, Kamati ya Maliasili ya Kijiji
Mkoa wa Lindi